Kitalu Kilichopendeza Mno

Kosa kubwa kuliko yote niliyowahi kufanya kazini ni kufagia.

Nawaambia mapema kwa sababu nimewaona nyinyi vijana wa ushirika mkijiandaa kwenda kuwaona wakubwa wa kaunti, wasipunguze pesa za maafisa wa kilimo. Mna haki kwenda. Lakini nimeona na matayarisho yenu: mashati yamepigwa pasi, picha zimechaguliwa, na katika kila picha mkulima anacheka. Yule binti mwandishi wenu ameniambia picha za mahindi yaliyokauka zimeachwa kwa sababu hazipendezi. Nilicheka, kisha nikamwomba karatasi na kalamu.

Mimi nilifanya kazi katika kitalu cha kahawa cha serikali miaka ya hamsini, baina ya Ruiru na Thika, kando ya mto Ndarugu. Msiende kukitafuta. Siku hizi pale pana nyumba za kupangisha na vinyozi wawili wasiosalimiana. Wakati ule palikuwa na vitanda vya miche vinavyoteremka hadi mtoni, kibanda cha mabati, na sisi. Upande wetu wa mto kulikuwa na mashamba ya walowezi. Ng'ambo ndiko rizavu ilikoanzia, maana yake ile ardhi tuliyoachiwa sisi wenye nchi. Watu wetu walikuwa wameruhusiwa juzijuzi tu kupanda kahawa, tena kwa kibali, miti mia kwa kila mmoja. Miche ilikuwa lazima waitoe kwetu, na waliipata kwa bei ndogo kwa sababu sehemu kubwa ya gharama ilibebwa na serikali. Kama serikali ingeondoa mkono wake, bibi wa rizavu asingeweza kununua hata miche kumi.

Kazi nilifundishwa na nyapara wetu, Mzee Gathuru. Alikuwa mtu wa maneno machache na ukucha mmoja mrefu, wa kidole gumba cha mkono wa kulia, aliokuwa ameuacha makusudi. Mche mchanga wa kahawa una mzizi mkuu mmoja unaoshuka chini. Wakati wa kuuhamisha, Mzee aliuinua kwenye mwanga, akautazama mzizi, akaukata ncha kwa ule ukucha, kisha akauteremsha ndani ya tundu mpaka ukaning'inia wima. Mzizi ukijikunja ndani ya tundu, mche haufi, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Utaota na kupendeza, utakula mbolea yako miaka mitatu, na siku unapoanza kubeba matunda utageuka njano na kukauka. Nyinyi siku hizi miche yenu hukaa ndani ya mifuko ya plastiki, lakini mzizi hupinda hata humo. Pasueni mmoja muone.

Wiki yangu ya kwanza nilitoboa matundu mafupi kitanda kizima, kwa sababu nilitaka kumaliza kabla ya wenzangu. Nikamaliza kabla ya wenzangu. Mzee Gathuru hakunigombeza. Kesho yake nilimkuta ameing'oa miche yote, ameilaza juu ya gunia, mizizi imenielekea mimi, yote imepinda kama ndoana. Aliniuliza kama nimekunywa chai, kisha akaniachia gunia akaenda zake. Tangu siku hiyo sijawahi kukosea kuutambua mche wa mzizi mbaya. Husimama umeegemea upande kidogo, na ukiugusa shina unalegea.

Sasa turudi kwenye ufagio. Bwana shamba wetu alikuwa Mzungu kijana tuliyempa jina la Bwana Mvua, kwa kuwa kila asubuhi aliuliza kama imenyesha, hata akiwa amelowa. Hakuwa mtu mbaya. Siku moja alituita kibandani akatuambia kwamba kamati ya kilimo kule Thika inakaribia kugawa pesa za serikali, na kwamba kuna wajumbe wanaotaka kitalu kiondolewe kwenye orodha. Alhamisi watakuja kujionea. Akasema tuwaonyeshe kitalu. Maneno yake yalikuwa hayo tu, na kila mmoja wetu akayasikia kwa desturi ya kwao.

Hali yetu ilikuwa hivi. Pampu ya maji ilikuwa imekufa tangu kiangazi, na sisi wanawake tulikuwa tunapanda ule mteremko na madebe ya maji mgongoni, kamba kipajini, kuanzia asubuhi mpaka jua linazama. Vitanda vitatu vilikuwa vimekauka. Kivuli cha nyasi kilikuwa kimeoza. Mwenye macho angeona mara moja pesa zinatakiwa wapi.

Lakini mgeni alikuwa anakuja. Kwa mama zetu, mgeni haonyeshwi mahali nyumba inapovuja. Tulifagia njia zote mpaka zikang'aa. Mawe tukayapaka chokaa. Vitanda vilivyokufa tuliviwekea nyasi mbichi juu, vikaonekana kama vimepandwa jana. Tulichota maji tangu alfajiri, tukamwagilia kila kitu, kisha Mzee Gathuru akaamuru madebe yafichwe nyuma ya kibanda, na wanawake wavae vitambaa safi wakae vizuri. Tukaazima vikombe vya misheni. Mimi ndiye niliyeshika ufagio kuliko wote, na niliona fahari.

Wakaja. Mwenyekiti wao tulimwita Bwana Miwani. Shamba lake la kahawa lilikuwa juu kidogo ya kitalu na liliishia mtoni. Alipita katikati ya vitanda mikono nyuma, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akamgeukia Mzee Gathuru na kile Kiswahili chao.

"Shida iko?"

"Hapana shida, bwana," Mzee akajibu.

Nyinyi mnaelewa alichofanya. Mtu akikuuliza habari unajibu nzuri, hata kama umetoka kuzika. Mgeni huketi, hunywa chai, mkaulizana ya watoto na ya mvua, ndipo anapouliza mara ya pili. Mara ya pili ndiyo ya kweli. Mzee alikuwa amejiandaa nayo. Pampu na vitanda vitatu vilikuwa tayari ulimini. Bwana Miwani aliandika kitu kwenye kijitabu chake, akatazama saa, wakaingia kwenye gari wakaondoka. Chai tulikunywa wenyewe, kwa vikombe vya misheni, tukisifiana kwamba siku imekwenda vizuri.

Baada ya wiki mbili Bwana Mvua alikuja na barua. Alitusomea bila kututazama. Kamati imefurahishwa sana na kitalu. Kinaendeshwa vizuri kiasi kwamba hakihitaji tena msaada, na maji yanatosha. Kwa hiyo fungu lake litapelekwa kwingine, na miche iliyopo ikiisha, kitalu kifungwe. Baadaye maishani nilisikia Waswahili wa pwani wakisema mficha uchi hazai. Laiti mmoja wao angekuwa anapita Ndarugu wiki ile.

Mzee Gathuru alikaa juu ya debe siku nzima. Nilimwonea huruma, na nilijionea haya, kwa sababu yeye alisema maneno mawili tu na mimi nilikuwa nimefagia siku nne.

Tulijaribu barua. Karani wa chifu, mwandishi hodari, alitutungia ombi la kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza wote ulikuwa salamu. Ukurasa wa pili ulishukuru kwa ziara, ukawaombea heri wajumbe na jamaa zao, na karibu na mwisho ukasema kwamba kama haitakuwa usumbufu, wananchi wangependa kitalu kibaki. Tukaona barua nzuri. Jibu lilisema imepokelewa.

Jumapili moja nilivuka mto kwenda kwa mama. Baba alikuwa amefariki zamani, na mama alikuwa ametoka tu kwenye kile kijiji cha Dharura, ambako serikali iliturundika sote wakati wa vita vya msituni, akahamia kwenye kipande chake kipya cha ardhi kilichotazamana na shamba la Bwana Miwani. Kibali cha miti mia alikuwa nacho. Kiangazi chote alichimba mashimo peke yake, mia kamili, kila moja linaingia mtu mpaka magotini, akayajaza samadi aliyobeba kwa mgongo. Aliyahesabu kama mtu anavyohesabu mbuzi. Alikuwa anangoja miche kutoka kwangu, kwa maana mwanawe alikuwa mtu wa kitalu.

Nilipofika, mashimo kama thelathini yalikuwa na miche.

Nilichuchumaa. Majani yalikuwa na madoa ya kahawia, ya ugonjwa. Miche imeegemea upande. Nikafukua mmoja kwa ukucha, maana na mimi nilikuwa nimefuga wa kwangu, nikaona ndoana. Sikuhitaji kuuliza ilikotoka. Mama alipalilia kibarua kwa Bwana Miwani, kama nusu ya wanawake wa kilima kile, na chini ya miti mikubwa ya kahawa huota miche yenyewe, kutokana na buni zilizodondoka. Ukiing'oa kwa haraka huku nyapara akitazama kwingine, ukaisokomeza ndani ya kiondo, kile kikapu chetu cha kusuka, na kuifunika majani ya viazi ya mbuzi, unafika nayo nyumbani. Kuichukua kulikuwa wizi, na kuipanda kulikuwa kosa jingine. Na wanawake wote walikuwa wanafanya hivyo tangu habari ya kufungwa kitalu ilipovuka mto.

"Maitu," nikamwambia mama, "hii itakufa ikianza kuzaa."

"Mashimo yamekaa na njaa," akasema. "Utanipa nyingine?"

Niliomba mche mmoja nikamwonyeshe Mzee Gathuru, akaufunga kwa jani la mgomba akanipa.

Bwana Mvua alitutafutia nafasi mbele ya kamati, kule Thika, ya dakika chache. Nafasi ilikuwa ya Mzee Gathuru. Alikataa katakata. Alisema akiulizwa atajibu tena hapana shida, kwamba anajijua, mdomo wake umezoea. Akasema niende mimi, kwa kuwa misheni ilinifundisha Kiingereza kidogo na haikunifundisha adabu za kutosha. Nadhani ilikuwa sifa.

Nilikwenda na pasi yangu, ile ruhusa ya kusafiri, na kiondo. Ndani ya kiondo kulikuwa na miche miwili, mmoja wa kwetu na mmoja wa mama. Njiani nilijifunza jambo moja tu kwa moyo, nalo lilikuwa kutokusalimia kwa urefu. Mnaweza kucheka, lakini sijawahi kufanya kazi ngumu kuliko ile. Niliingia, nikasema "jambo" mara moja tu, nikanyamaza. Nilijisikia kama nimeingia bila nguo.

Bwana Miwani akauliza ile ile. "Shida iko?"

"Iko," nikasema.

Akaacha kuandika. Nikamwambia pampu imekufa tangu kiangazi, na yale maji aliyoyaona yalibebwa na wanawake mgongoni, kwa madebe yaliyofichwa nyuma ya kibanda. Nikamwambia juu ya vitanda vitatu chini ya nyasi mbichi. Kisha nikatoa miche miwili nikailaza mezani, juu ya karatasi zao, na udongo wake.

Aliijua kahawa vizuri. Aliutazama mzizi wa kwanza, akautazama wa pili, akageuza majani yenye madoa na uso wake ukabadilika.

"Hii umetoa wapi?"

Swali hilo nilikuwa nimelingoja tangu nyumbani. Kusema uongo kungeharibu kila kitu. Kusema ukweli wote kungempeleka mama mahakamani.

"Kwako, bwana," nikasema. "Chini ya miti yako. Mkifunga kitalu, ng'ambo yote itapandwa hii, kutoka mtoni mpaka juu. Na ugonjwa huu, upepo utauvusha urudi kwako."

Mjumbe mmoja akauliza nani ameiba. Nikamjibu kwamba ni watu wanaopalilia, na wanaopalilia ndio hao hao watakaochuma. Mavuno yalikuwa karibu. Bwana Miwani akamwambia mwenzake aache hilo. Wakanitoa nje, nikakaa kwenye ngazi, na hakuna aliyenipa chai, jambo ambalo siku ile niliona ni sawa.

Hivyo ndivyo pesa zilivyobaki. Si kwa sababu walitupenda, wala kwa sababu tulipendeza. Tulipopendeza walitunyima. Walitoa pesa siku walipouona mzizi na kuelewa kwamba shida yetu ina njia ya kuvuka mto. Pampu ilitengenezwa kabla ya mvua. Vitanda vikaongezwa. Mzee Gathuru alinipa mkono, kitu ambacho hakuwapa wanawake, kisha akaniambia kivuli cha kitanda cha saba kinavuja jua.

Ningependa kuishia hapo. Watu wengi wanaohadithia kazi zao huishia mahali kama hapo.

Kamati ilitoa pesa na ikatoa amri. Miche yote ya kuokota ing'olewe na kuchomwa, shamba kwa shamba, kabla mwenye kibali hajapewa miche ya kitalu. Hakuna atakayeshtakiwa, hilo Bwana Mvua alilipigania. Lakini askari wa chifu hawakuweza kutofautisha mche na mche, kwa hiyo alitakiwa mtu wa kitalu afuatane nao awaonyeshe. Nani ajuaye kuliko aliyepeleka habari?

Tulikwenda siku tatu, mimi na askari wawili. Wanawake niliopalilia nao utotoni walisimama kando wakinitazama nikielekeza kidole. Hii. Na hii. Acha hiyo, hiyo ni ya kwetu. Niliifanya vizuri kazi ile. Katika kitu chochote nilichofanya mikononi mwa serikali, sijui kama niliwahi kufanya kingine kwa uhakika hivyo, na sikuipenda hata dakika moja.

Siku ya tatu tulifika kwa mama. Alikuwa ameketi uani anapukuchua mahindi, kichwa wazi, kuku wamechafua kila mahali, magunzi yametapakaa. Aliposimama kuwaona askari alishika kwanza kichwa, akitafuta kitambaa. Kisha akatusalimia wote watatu, na mimi akanisalimia kama mgeni. Akatafuta mahali pa kutuketisha. Kigoda kilikuwa kimoja. Nikapita kwenye mashimo nikielekeza kidole, na askari wakang'oa mpaka mche wa mwisho. Moto ulipokuwa unawaka alileta uji. Askari walikunywa. Mimi wangu nilimrudishia.

Mvua zilipokuja nilimletea miche yake mia, kwa mikono yangu, safari nne kuvuka mto. Niliichagua mmoja mmoja. Mama aliipokea, na kabla ya kupanda aliinua kila mche kwenye mwanga akautazama mzizi, kuanzia wa kwanza hadi wa mia, kama mtu anayenunua sokoni kwa mtu asiyemjua. Tukapanda mpaka jioni. Miti ile ilizaa miaka mingi, na ilisomesha wadogo zangu wawili.

Tulipomaliza tulinawa, tukaketi, nikamuuliza kama kuna shida.

"Hakuna shida," akasema.

Nikanywa chai. Tukaulizana ya mbuzi na ya mvua. Kisha nikauliza mara ya pili, kama inavyotakiwa.

Aliweka kikombe chini. Halafu akasema, "Ulileta wageni kwangu, Nyambura, na hukuniambia nifagie."

Nilikuwa nimejua siku tatu kabla ya kufika kwake na askari. Sikumwambia, kwa sababu angefagia.